Kikombe Kilichoonjwa Kwanza

Bwana Yesu apewe sifa, wapendwa wa hapa Gungu! Wazee wenzangu, shikamooni. Vijana, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Mimi ni Bibi Yustina. Mnanijua kwa kuchungulia vikombe. Kwenye harusi mnanicheka, nawasikia. Leo nawaambia kwa nini.

Kwetu, milimani ng'ambo ya mpaka, anayekupa kinywaji huonja kwanza, wewe ukimtazama. Ndiyo heshima. Siku moja mume wangu Silvesta alikwenda kwa rafiki yake Gaspari, akapewa pombe ya ndizi. Gaspari alikuwa na haraka, hakuonja. Silvesta akarudi ameshika tumbo, na kabla jua halijazama alikuwa maiti. Ni sumu? Ni ugonjwa? Sijui. Matanga hayajaisha, vita vikatufikia. Nikakimbia na binti yangu Anjelina mgongoni mpaka Kagunga, ufukweni upande huu.

Ndugu zangu, nilivuka na mzigo ambao hakuna aliyeuona! Mume wangu sikumlilia hata chozi moja. Nilikuwa natazama mikono ya watu tu.

Mama Tabita, Mha wa palepale, kazi yake kuanika dagaa, alitupa chumba. Nikajiuliza, huyu anataka nini? Akileta samaki, migebuka, nawarushia kuku, kisha nawatazama kuku. Hawakufa. Nikasema, sumu ya kuku na ya mtu si moja. Anjelina alikula nilichopika mwenyewe tu, nacho kilikuwa mboga za majani na chumvi. Miguu ikamvimba. Nywele zikawa nyekundu. Siku Mama Tabita alipompa uji, nilimpokonya mdomoni nikaumwaga mchangani. Mtoto akabaki analamba vidole.

Majirani wakanisema: "Yewe, huyu hata mate yake mwenyewe anayashuku!"

Mama Tabita hakukasirika. Akachota uji mwingine, akanywa mbele yangu. "Haya mama Anjelina, kaa unitazame. Nikifa, dagaa wangu wote ni wako."

Nikamtazama. Hakufa. Nikasema moyoni, labda amekunywa dawa ya kuzuia sumu.

Jumapili akanivuta kanisani. Nikakaa karibu na mlango, niweze kutoka. Ikafika meza ya Bwana. Kikombe kikapita mstari kwa mstari, na Mchungaji Elieza mwenyewe hanywi! Kumbe desturi yao mchungaji hunywa mwisho. Mimi nikasema, ahaa! Asiyeonja ana sababu. Kilipofika kwangu nikafunga mdomo.

Mama Tabita akamnong'oneza mchungaji. Nikajua ndio wanapanga. Yule mzee akaja, akachuchumaa mbele yangu. "Mama, unaogopa kwa sababu mimi sijaonja. Sawa. Lakini mwenye meza hii alionja kwanza. Kifo chenyewe alikionja, mpaka tone la chini, ili wewe uishi."

Jamani! Hakuna aliyewahi kunieleza Yesu kwa heshima ya kwetu! Silvesta wangu alipewa kikombe kisichoonjwa. Mimi nilikuwa napewa kilichoonjwa. Nikalia. Nilimlilia Silvesta palepale, kwa sauti, ibada ikasimama, wala hakuna aliyeninyamazisha. Kisha nikanywa. Nikangoja tumbo lianze. Tumbo likatulia! Kilichotoka ni ule mzigo. Haleluya!

Tuliporudi, Anjelina alikunywa uji wa Mama Tabita mpaka akalamba bakuli. Sikumpokonya. Nilikuwa nimekalia mikono yangu, ndugu zangu, lakini sikumpokonya!

Gaspari nilimsamehe, kama ni yeye. Kama si yeye, Mungu amwambie anisamehe na mimi.

Sasa wewe uliyeketi karibu na mlango, nakuona. Hapo nilikaa mimi. Humwamini mtu, humwamini mchungaji, hata mimi bibi unajiuliza nimetumwa na nani. Sawa, chunguza. Bwana hachukii kuchunguzwa. Chungulia, kisha unywe.

Namshukuru yeye aliyenibeba, na Mama Tabita aliyelala katika Bwana. Mimi bado nachungulia, sitawaficha. Lakini nanywa. Ibada ikiisha, Anjelina wangu ndiye atakayeleta chai. Mtazameni. Ataonja kwanza, anikonyeze, ndipo anipe.

Amina.