Sera Binti Asheri Alinifunza Kumwambia Mama

Assalamu alaykum, ndugu zangu, na asifiwe Mola aliyetuweka hai tukaona! Nimeombwa niseme kidogo baada ya darsa, lakini moyo wangu leo hauna kidogo. Nisikilizeni!

Nyote hapa Ibra mnamjua mama yangu, Bi Zuwena. Tulipotoka Unguja siku zile za mapinduzi kuja huku Uarabuni, mimi nilikuwa mgongoni mwake. Kaka yangu Saidi alikuwa Pemba kwa ami yetu. Kisha ikatufikia habari kwamba chombo chao kimezama wakivuka kwenda bara, na hakusalimika mtu. Mama akaamini. Kila Shaabani tukamsomea Saidi hitima. Siku ya Idi, watoto wakiingia kubusu mkono, mama alikuwa akigeukia ukutani. Ndugu zangu, nimekulia katika nyumba hiyo. Hata tukifurahi, tulifurahi kwa sauti ya chini.

Basi mwaka huu binamu yetu alisali Ijumaa Kigoma, akakaa ubavuni mwa mzee mwenye sura ya marehemu baba yangu. Akamuuliza jina. Akanipigia simu ya video huku analia, na mimi nikamwona kaka yangu! Yu hai! Aliokolewa baharini, akalelewa bara, na yeye akaambiwa kwamba sisi ndio tuliokufa. Allahu Akbar!

Mngedhani shida imekwisha. Ndipo ilipoanza! Moyo wa mama ni dhaifu. Alipoambiwa ghafla kifo cha baba alianguka, akalazwa, na daktari akatuonya: asishtuliwe tena, si kwa msiba wala kwa furaha. Na sisi watu wa Unguja mnatujua, habari njema haitukai kifuani! Binamu alikwisha kuitangaza kwenye kundi la ukoo. Mdogo wangu Salma akanipigia akiwa njiani kutoka Sur.

"Dada, tunakuja na halwa! Jamaa zetu wa Al Qabil tunawapitia. Vigelegele tunaanza tangu mlangoni!"

"Salma, utamuua mama!"

"Hafi mtu kwa halwa, dada. Wewe fungua lango."

Nikaingia chumbani nikasujudu. Dua yenyewe sikuwa nayo. Nilisema tu, ya Rabbi, nimwambie vipi? Na hapo hapo Mola akanikumbusha mwanamke ambaye wengi wenu hamjapata kumsikia.

Katika Taurati anatajwa jina tu, ndani ya nasaba: Sera binti Asheri, mjukuu wa Nabii Yaakub. Sisi tunaijua kanzu ya Yusuf iliyorudisha macho ya Yaakub. Lakini Mayahudi wana masimulizi yao ya baadaye: kwamba ndugu zake Yusuf waliporudi kutoka Misri waliogopa furaha itamuua mzee, wakamtuma Sera. Akamwimbia babu yake taratibu, naye yumo katika ibada, kwamba Yusuf yu hai, mpaka moyo ukazoea. Masimulizi ya Bani Israili siyafanyi dini, ndugu zangu. Lakini siku ile yalikuwa kamba niliyoteremshiwa kisimani!

Mama alikuwa ameshasali alasiri, yuko juu ya msala na tasbihi yake. Nikakaa nyuma yake, nikaanza kama mtu anayebembeleza mtoto:

*Saidi yu hai, Saidi hakufa,*
*kamzaa Latifa, kamzaa Mustafa.*

"Una nini leo?" akasema bila kugeuka. "Sauti yenyewe kama mlango mbovu."

Nikaendelea. Tasbihi ikasimama.

"Latifa ndiye nani?"

"Mjukuu wako, mama."

Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na mimi nikaogopa, nikanyamaza.

"Imba, mwanangu. Usiache."

Nikaimba, naye akaanza kuyumba pamoja nami, machozi yakamtiririka mpaka kwenye kanga, na pumzi yake, alhamdulillahi, ikatulia. Kisha akageuka akanitazama usoni.

"Huyo kaka yako, bado ana meno?"

"Machache, mama."

Akacheka! Ndugu zangu, mama yangu alicheka mpaka akajishika mbavu! Umri wote huu mimi sikuwa nakijua kicheko cha mama yangu. Magari yakafika, vigelegele vikajaa uwanjani, naye akanyanyua kidole: "Waambie wanyamaze. Nipe simu, niseme na mtoto wangu."

Mimi ni mwalimu wa Kurani, nimefundisha subira kwa watu wengi, na siku ile ndipo nilipoionja. Namshukuru Mola aliyemhifadhi Saidi tusimjue, akamhifadhi mama mpaka amsikie. Wewe uliyekata tamaa, mrudie Mola wako leo, mwambie unachokitaka, wala usimpangie njia. Na wewe mwenye habari njema ya mtu, mpelekee taratibu. Lakini mpelekee!

Wassalamu alaykum.