Thelma Hedley wa Southwick, Aliyevisha Keki za Harusi (1948–2024)

Wasifu umesomwa na Maxine Liddle, binti wa kaka yake, kwa niaba ya familia

Jumapili ya tarehe 14 Machi 1948, katika mtaa wa Southwick mjini Sunderland, Matthew Liddle na mkewe Ivy walipata mtoto wa kike wakamwita Thelma. Alikuwa kitinda mimba, akimfuata kaka yake Ronald. Baba yao alipaka rangi meli katika karakana za mto Wear, na mama yao alipika katika jiko la shule. Ivy alipenda kusimulia jinsi alivyompa mtoto huyu donge la unga wa mkate ili atulie. Hakulila wala hakulitupa. Alilifinyanga likawa paka, kisha akaangua kilio mama alipotaka kulioka.

Thelma alisoma shule ya msingi palepale mtaani, kisha sekondari ya wasichana hadi mwaka 1963. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzibembeleza. Alipotimiza miaka kumi na tano alianza uanagenzi katika duka la mikate la Bwana Purvis huko Roker, na jioni akaenda chuo cha ufundi. Zama hizo keki ya harusi ilipakwa sukari iliyopigwa pamoja na ute wa yai, ambayo ikikauka inakuwa kama saruji. Bwana Purvis hakutaka kusikia habari ya kitu kingine. “Binti,” alikuwa akimwambia, “keki isiyokitisha kisu ni andazi tu.”

Wilfred Hedley alikuwa mchomeleaji wa meli. Kila adhuhuri alikuja dukani kununua sambusa kubwa ya nyama, ingawa mama yake alimfungia chakula cha kutosha. Ilimchukua Thelma muda mrefu kutambua kwamba hazikuwa sambusa zilizomleta. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Agosti 1971. Keki yao ya ghorofa tatu aliipamba bibi harusi mwenyewe, Bwana Purvis akiwa amesimama nyuma yake. Saa ya kukata ilipofika Wilf aliuegemea mpini wa kisu, kisu kikapinda. Akanong'ona, na mnong'ono wa mchomeleaji husikika mtaa wa pili: “Thelma, mpenzi, kaniletee patasi.” Ukumbi ulicheka hadi mchungaji akafuta machozi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Gillian mwaka 1974 na Keith mwaka 1977.

Mwaka 1985 mama mmoja kutoka Australia alikuja katika ukumbi wa kanisa kuonyesha jinsi keki zilivyopambwa kwao. Hawakuzipaka, walizivisha. Alichukua donge la fondanti, ile sukari laini inayokandika kama udongo wa mfinyanzi, akalisukuma likawa shuka jeupe, akalitandaza juu ya keki hadi chini, halafu akaifuta kwa viganja hadi mikunjo yote ikaisha. Thelma alirudi nyumbani chai yake hakuigusa.

“Wilf, inaanguka kama hariri,” alisema.

“Inalika?”

“Inalika bila patasi.”

Bwana Purvis hakuona kichekesho. “Hilo ni shuka la kitanda,” alimwambia. “Nenda kajaribu. Utarudi.” Mwanzoni mwa 1986 Thelma aliaga, akaanza kazi katika jiko lake mwenyewe. Hakurudi. Keki zake zilijulikana upesi kutoka Seaham hadi South Shields: kingo zilizonyooka, kuta zisizo na hata alama ya kidole, na mawaridi ya sukari ambayo petali zake zilikuwa nyembamba kiasi kwamba mwanga ulipenya.

Karakana za meli zilipofungwa mwaka 1988, Wilf alirudi nyumbani na mfuko wake wa zana, akauweka nyuma ya mlango, akakaa kitini. Alikaa wiki baada ya wiki, akitazama ukuta. Mkewe hakumhubiria. Asubuhi moja alimwekea ufunguo wa gari mapajani.

“Amka, baba wee. Kuna ghorofa nne zinangoja kwenda Durham, na mimi sijui kuendesha.”

Tangu siku hiyo Wilf akawa mbeba keki. Aliendesha taratibu kama gari la maiti, na madereva wa nyuma wakimpigia honi alitoa kichwa dirishani: “Pigeni tu! Nimempakia bibi harusi!” Na mwaka 1994 nani aligonga mlango wa jikoni kama si Bwana Purvis, kofia mkononi. Yeye na mkewe walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. “Nataka ile ya shuka,” alisema akitazama sakafu. “Meno ya mama yamegoma.” Thelma alimkaribisha chai, akampa kipande cha kuonja, na hakumkumbusha neno hata moja. Baadaye alimwambia Wilf kwamba kunyamaza kule kulimgharimu kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya.

Tarehe 3 Machi 2009 kiharusi kilimwangusha Thelma akiwa bustanini. Kiliuchukua mkono wake wa kulia, na maneno yake yakawa yanatoka nusunusu, mengine hayatoki kabisa. Gillian alikuwa aolewe mwezi Julai, na keki ya ghorofa nne mama yake alikuwa ameiahidi. Gillian alitaka kuahirisha harusi. Mama alitikisa kichwa. Keith alipendekeza keki ya kununua. Mama aligeukia ukutani. Akamwonyesha Wilf kabati la zana zake, kisha akaonyesha mlango. Maana yake kila mtu aliielewa: toa, gawa, sizitaki.

Wilf hakutoa kitu. Baada ya siku chache alimsukuma kwa kiti chake cha magurudumu hadi jikoni, akavaa aproni ya mkewe ambayo haikumtosha kiunoni, akabwaga donge la fondanti mezani. Thelma akafumba macho. Wilf alichota unga wa ngano kwa ukarimu, akaumwaga mezani ili donge lisigande, akashika mti wa kusukumia kama nyundo. Thelma akafumbua jicho moja.

“Si unga wa ngano!” alipaza sauti. “Sukari ya unga, Wilf! Bwege wewe!”

Yalikuwa maneno yake ya kwanza yaliyokamilika tangu Machi. Wilf aliketi chini, akalia na kucheka kwa pamoja. Watoto walimuuliza mara nyingi kama alikosea kwa makusudi, na hadi leo jibu lake ni kwamba mchomeleaji angejuaje habari za unga.

Majira yale yote ya kuchipua Thelma alikuwa macho na Wilf akawa mikono. Waligombana kutwa. “Taratibu! Hiyo si manowari.” “Manowari haikunitukana.” “Ifute kama unamfuta mtoto uso.” Fondanti ilichanika, ikapasuka, ikatoa malengelenge, wakakanda, wakaanza upya. Lakini mikono iliyozoea kuunganisha mabamba ya chuma ilijua jambo moja muhimu, nalo ni kutofanya haraka kwenye maungio. Kufikia Juni ghorofa nne zilisimama juu ya vijiti vya kuzishikilia bila kutikisika. Usoni mwa keki waliweka mawaridi ya Wilf, manene kidogo kama kabichi changa. Upande wa nyuma Thelma alibandika mawili aliyoyafinyanga mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Yalikuwa yamepinda, na petali moja ilikuwa imeraruka. Hakutaka yaonekane.

Jumamosi, tarehe 11 Julai 2009, kabla ya kukata, Gillian aliizunguka keki akiitazama. Alipofika nyuma alisimama. Kisha yeye na mumewe Rajan wakashika sinia pande mbili, wakaigeuza keki polepole, yale mawaridi mawili yakawatazama wageni. Mama yake alitikisa kichwa kwa hasira za uongo na kuomba leso.

Toka hapo hakuficha tena kazi ya mkono wa kushoto. Mwaka 2011 alianzisha darasa la Alhamisi katika ukumbi wa kanisa, kwa ajili ya watu ambao kiharusi kiliwaachia mkono mmoja. Wilf aliwafungulia mikebe. Desmond Tully, dereva wa basi mstaafu, alikuja amenuna, akisema yeye hakuzaliwa kufinyanga maua. “Hata mimi sikuzaliwa kukufundisha,” Thelma alimjibu. “Kaa.” Alikaa miaka tisa, akavisha keki za ubatizo za wajukuu zake wote.

Moyo wake ulianza kuchoka majira ya baridi ya 2023. Alikataa kuhuzunikiwa. Wiki yake ya mwisho mjukuu wake Priya, anayejifunza kazi hiyohiyo akiwa bado shuleni, alimtumia kwa simu picha ya keki yake ya kwanza ya ghorofa mbili. Bibi aliikuza kwa kidole, akaikagua pembe zote. “Ya juu imeinama,” alimwambia Wilf. “Mwambie ni nzuri. Kisha mwambie imeinama.” Alifariki dunia nyumbani, asubuhi ya Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2024, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Wilfred, watoto wawili, Gillian na Keith, mkwe, Rajan, wajukuu watatu, Priya, Arun na Ellis, kaka yake Ronald, na watu wa Alhamisi, ambao aliwaita wanawe wasiosikia la mkuu. Baada ya maziko wote mnakaribishwa ukumbini kwa chai. Ipo keki ya ghorofa tatu iliyopambwa na darasa lake. Marehemu hakupenda watu wanaopiga picha keki kisha wanaenda zao, kwa hiyo familia inawaomba muile yote, hadi makombo.

Thelma, pumzika kwa amani. Amani hiyo umeitolea jasho.