Bi. Wegesa Mugeta, Aliyepima Kila Mwale Kabla ya Jicho

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Wegesa Mugeta, Fundi Sanifu Mkuu wa Vifaa Tiba, anastaafu baada ya kuitumikia Hospitali ya Macho ya Ziwani, hapa Makoko, kwa miaka thelathini na mmoja. Wengi tunamwita Mama Mseti, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Na wengi tumewahi kufukuzwa naye chumba cha leza kwa kosa la kuingia na kikombe cha chai.

Alizaliwa Butiama, katika boma la wafugaji, akasomea ufundi wa vifaa tiba Dar es Salaam. Alianza kwetu kwa kutengeneza mashine za kuchemshia vyombo na kuzunguka na gari la huduma za mkoba, Bunda yote mpaka Kisorya. Leza ilipofika, sisi wengine tulipanga foleni ya kupiga nayo picha. Yeye aliuliza kipimo chake kiko wapi. Hakikuwepo. Aliusumbua uongozi mpaka kikanunuliwa, na hajawahi kuona haya kujisifia jambo hilo.

Kwa wasioijua kazi yake: leza yetu huziba mishipa inayovuja ndani ya jicho la mgonjwa wa kisukari. Ikiwa dhaifu, haizibi. Ikizidi, inaunguza kilekile ilichotumwa kukiokoa. Skrini huonyesha nguvu ambayo mashine imeamriwa kutoa, lakini mwale hupita kwenye lenzi na vioo kabla ya kulifikia jicho, na njiani lolote laweza kutokea.

Kwa hiyo kila asubuhi ya kliniki Mama Mseti huweka kipima nguvu pale jicho la mgonjwa litakapokuwa, akasoma. Kisha huchoma karatasi nyeusi na kulikagua doa kwa kioo cha kukuzia. Ukubwa wake lazima uwe ule uliotakiwa, liwe duara, na joto lienee sawa, lisielemee upande mmoja. Doa likitoka limepinda, hakuna kliniki. "Hili ni yai," husema, "na mimi sitibiagi watu na mayai." Daktari akisema skrini iko sawa, jibu analo: "Skrini inasemaga ilichoambiwa. Mimi naulizaga kilichofika."

Masika moja alikwenda likizo Butiama, na kipimo kikapumzika naye. Wiki hiyo wale wadudu wadogo wa ziwani walitanda Makoko kama moshi, wakaingia mpaka chumba cha leza. Lenzi ikachafuka, mwale ukafifia. Dk. Hezron, alipoona madoa hayashiki vizuri, akaongeza nguvu kidogo, kesho yake tena kidogo. Ijumaa jioni muuguzi wetu Happyness, kwa moyo mwema kabisa, akaipulizia lenzi pumzi na kuipangusa kwa upindo wa kanga, kama tunavyosafisha kioo cha taa ya chemli nyumbani. Hakumwambia mtu, kwa kuwa hakuona kama ni jambo la kuambiwa mtu.

Jumatatu Mama Mseti akarudi. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Dafroza, fundi cherehani kutoka Butiama, ambaye kisukari kilikuwa kimeshamnyang'anya jicho la kushoto. Mama Mseti akapima kabla ya kuvua hata koti. Lenzi ilikuwa imepanguswa, lakini nguvu iliyoongezwa ilibaki palepale: ilikuwa karibu maradufu ya ile aliyoikusudia daktari, na karatasi nyeusi ilitoboka upande mmoja. Akazima mashine, akafunga mlango.

Benchi lilichachamaa, hasa waliovuka kutoka Ukerewe. Dafroza hakupiga kelele. Alilia. "Mama, lile lingine lilizimika nikisubiri hivihivi," alisema. "Nimebaki na hili tu." Mama Mseti akaketi karibu naye, akampa ile karatasi aipapase tundu kwa kidole. "Hili lingekuwa humo ndani, mwanangu. Bado. Nipe mpaka mchana." Dk. Hezron alitoka akasimama mlangoni pamoja naye, akawaambia watu wote kwamba hatagusa mashine mpaka fundi aseme ndiyo.

Mama Mseti akaifungua lenzi, akaitoa mafuta yaliyoachwa na kanga kwa dawa yake, akaifunga upya, akairudisha nguvu chini na kupima tena na tena mpaka doa likatoka duara. Adhuhuri Dafroza alitibiwa. Happyness alipoeleza habari ya kanga, hakugombezwa. Alifundishwa, na leo ndiye anayeshika kipima nguvu Mama Mseti asipokuwepo. Tangu siku ile likizo ya fundi haijawahi kuwa likizo ya kipimo.

Tutamkosa, tusidanganyane. Tutaikosa sauti yake inayotangulia korido nzima, na hata kule kufukuzwa na chai zetu. Asante, Mama Mseti, kwa kutokubali kulionea aibu neno "bado."

Siku ya kumuaga atavaa gauni jipya la kitenge, lililoshonwa na Dafroza. Tumeshaliona. Shingoni kuna nakshi ndogo ndogo za mkono, na mwenye kazi anasema uzi wote aliutunga sindanoni mwenyewe, bila kumwita mtu. Mungu akupe afya na miaka mingi ya kulivaa, Mama yetu.