Anaclet Kapya na Karanga Zisizo na Mapengo

Anaclet Kapya, tunayemzika leo, alizaliwa tarehe 3 Mei 1917 karibu na Kabalo, mtoto wa kwanza wa fundi wa reli. Mama yake alipanda karanga mara mvua ya kwanza ilipolowesha udongo, akizibananisha, na palipokufa mche alirudishia mbegu siku hiyo hiyo. Alisema vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza maji ya majani, hushuka wanapoona udongo mtupu. Anaclet alilijua hilo kabla hajajua kusoma.

Tangu 1927 alisoma kwa mapadri hapa Élisabethville, akatoka 1935 na cheti cha monita wa kilimo, mtu wa kuwaelekeza wakulima shambani. Mwaka uliofuata akaajiriwa katika shamba la Mzungu mmoja, njia ya Kafubu.

Tarehe 12 Julai 1941 alifunga ndoa na Clotilde. Siku ya posa wazee walimngoja sebuleni, kumbe yuko nyuma ya nyumba, anapindua majani ya karanga za mama mkwe kutafuta wadudu. Clotilde alimfuata akamwuliza, "Unakuya kuniowa mie, ao kalanga?" Anaclet alikicheka kisa hicho hadi mwaka huu.

Mwaka 1955 yule Mzungu, mkubwa wa shamba, aliamuru mistari ya karanga ipanuliwe, apate kupita akikagua bila kuchafua soksi. Anaclet alimwambia kwa heshima, "Bwana, tukiacha fasi ya wazi, badudu batashuka." Akajibiwa kwamba kazi yake ni kutii. Vidukari walikuja, majani yakajikunja, miche ikadumaa. Na nani aliadhibiwa? Yule aliyeonya. Alivishwa mgongoni pompi ya kunyunyizia dawa ya wadudu, bila glovu, bila hata kitambaa cha mdomo, misimu miwili. Siku za dawa mkubwa alimfungia mbwa wake nyumbani asidhurike.

Jumanne, tarehe 12 Februari 1957, pompi ilimvujia mgongoni. Alifika nyumbani Katuba akitoka jasho na mate, akitetemeka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Alifariki Alhamisi alfajiri. Katika ripoti ya kifo mkubwa ameandika kwamba alikuwa amelewa.

Mdogo wake Albertine, anayesoma wasifu huu, anasema mbele ya jeneza kwamba huo ni uongo. Anaclet hakuonja pombe tangu komunyo yake ya kwanza, na wote mliopo mnajua. Aliyeandika uongo huo alituma shada la maua jana. Clotilde amelirudisha.

Ameacha mke wake Clotilde. Watoto Faustin, Wivine na Bijou. Dada yake Albertine. Na karanga nyuma ya nyumba yake, zimebanana, za kijani, hazijawahi kupigwa dawa. Tutazing'oa Machi. Kikapu cha kwanza Albertine atakibeba mwenyewe mpaka mezani kwa mkubwa, aone alichokataa kusikia.

Anaclet apumzike kwa amani. Aliyemwita mlevi asipumzike.