Waziri Aliyepanda na Nguo Chafu

Benchi letu ni la saruji, nyuma ya mnara mmoja wa Jumeirah Lakes Towers, Dubai, pale kivuli kinapofika saa tisa. Hapo walinzi tunabadilishana zamu na kumaliza chupa ya kahawa ya Hamuza, Mganda tunayemwita Wakili kwa kuwa haogopi kesi yoyote isipokuwa yake. Mwingine ni Isaiah wa Machakos, jina BBC. Mimi ni Linus. Siku hiyo, mwaka 2012, nilikuwa na karatasi tupu mapajani. Meneja wa jengo alitaka barua ya kuomba radhi kabla ya saa kumi na moja, la sivyo narudishwa Kenya. Siku mbili kabla, mama mmoja wa Kiswidi alikuja kumwona bintiye ghorofa ya thelathini. Kwenye kitabu cha wageni, penye kazi, akaandika: msafishaji, hospitali. Amri iliyobandikwa mezani kwangu haina maelezo mengi: wasafishaji, lifti ya mizigo. Nikamwonyesha. Akanishukuru, akapanda na magunia ya nguo chafu. Kesho yake meneja akajua kwamba yule mama aliwahi kuwa waziri.

— Soma tena habari za huyo mama, BBC, nikasema. Hiyo simu yako isije ikawa inanidanganya.

— Haidanganyi. Alianza kupiga deki hospitalini ana miaka kumi na saba. Wenzake wakamchagua awasemee kwenye chama cha wafanyakazi. Akawa diwani, kisha mbunge miaka kumi na miwili kwa tiketi ya chama cha Social Democrats, kisha waziri wa kazi. Chama hicho kikashindwa uchaguzi, akarudi hospitali ileile.

— Kufanya nini?

— Kupiga deki, bwana!

Wakili akacheka mpaka akamwaga kahawa.

— Wallahi huo ni uongo. Waziri gani anarudi kwenye ndoo? Kwetu hata dereva wa waziri harudi kwenye baiskeli. Huyo mama amefungwa kifungo cha nje.

— Kifungo gani kinakuleta Dubai? BBC akamdaka. Huyo ni jasusi. Nani anamtazama mtu mwenye deki? Anasikia siri zote.

— Basi hata hiyo lifti alikuwa anaikagua! akasema Wakili. Mfalme wao anataka kununua mnara. Linus, umemsaidia mfalme, dai zawadi!

Damu ikanipanda. Mimi sikusoma sana. Kiingereza nimejifunzia kwenye magazeti ya abiria uwanja wa ndege, nilipokuwa nalinda kule. Lakini kitabu cha wageni nakijua.

— Nyamazeni! Aliulizwa kazi, akasema kazi yake. Hakuandika "waziri mstaafu." Mimi nikafuata amri. Watu wawili wakweli wamekutana mlangoni, kosa liko wapi?

— Kosa liko kwenye visa yako, ssebo, bwana wangu, akasema Wakili, sasa kwa upole. Andika tu "sikumtambua, samahani sana sir." Khalas, yamekwisha. Una watoto watatu.

Hilo lilinichoma. Nikaandika "Sir." Kalamu ikagoma.

Ndipo akaja Everlyn, msafishaji wetu mpya, wiki yake ya pili, glavu bado mikononi. Tukamsogezea nafasi, BBC akamsimulia yote, na hadithi yake ya jasusi akaiweka humo humo. Everlyn akasikiliza mpaka mwisho, akapokea kikombe.

— Kaka Linus, barua inasema umekosea kumpandisha waziri kwenye lifti ya mizigo?

— Ndiyo, dada.

— Kwa sababu ile lifti ni aibu?

— Ndivyo anavyosema meneja.

— Sasa mimi nimeipanda leo mara kumi na nne. Barua yangu inaandikwa na nani?

Wakili akaangalia viatu vyake. BBC akafungua simu, akaifunga. Saa ilikuwa kumi na nusu.

Nikaiweka sawa karatasi gotini.

— Sema tena, dada. Polepole, naandika.