Bi Luul na Madebe Matupu

Ijumaa, tarehe 26 Juni 2026, Bi Luul Sugow anastaafu baada ya miaka kumi na tisa katika kampuni yetu ya usafi. Alianza kwa kusugua ngazi za ofisi za mjini, akapanda hadi msimamizi wa kikosi cha Selly Oak, kinachosafisha nyumba wanafunzi wanapohama. Aliyewahi kuona majiko yao atamsamehe ukali wake.

Ukali huo ulianzia kwenye neno dawa. Kwa msusi wa Soho Road, dawa hulainisha nywele. Kwa mkulima huua wadudu. Kwa fundi viatu hung'arisha ngozi. Kwetu huzibua mabomba. Ukimwomba Bi Luul dawa bila kutaja kazi yake, alikuuliza kama unaumwa kichwa. Tena debe lililoisha halikutupwa mpaka sote tumalize kazi salama. Gari lilinuka, tukanung'unika, naye akafungua dirisha tu.

Kiangazi kilichopita, mwenzetu Israël alimimina dawa yote iliyobaki kwenye chupa ya maji, kama wengi wetu tulivyozoea huko tulikotoka, asije akabeba debe hadi ghorofani. Mazoea yana taabu. Chupa ilivimba kwa joto, na alipoifungua, dawa ikamrukia machoni.

Bi Luul alimkamata shingo, akamwinamisha chini ya bomba la maji. Rosine, wa kikosi hicho hicho, alikuwa amepiga simu ya dharura, na huko waliuliza ni dawa gani.

"Mama, ni ile ya bleu, sijue jina!" Israël alilia.

Za buluu tulikuwa nazo tatu. Bi Luul, bila kumwachia, akapaza sauti: "Rosine, kimbia garini, leta debe tupu!"

Rosine alirudi na debe la dawa ya kuzibulia mabomba, akawasomea wa simu maandishi yake. Israël alikuwa akisema haoni kitu. Tuliogopa, tusifichane. Hospitalini walikuwa tayari kabla hajafika, lakini tulingoja wiki nzima bandeji zifunguliwe, na Bi Luul, mtani wetu mkubwa, hakumtania mtu.

Bi Luul, asante kwa madebe yako yanayonuka. Mungu akupe afya, mapumziko na wajukuu wenye subira. Baada ya sherehe usihangaike na basi la Stechford. Israël ameomba akupeleke mwenyewe kwa gari hadi mlangoni, macho yake yote mawili yakiwa barabarani.