Maziwa Bado Yana Povu

Nilikuwa kwenye mshono wa tano wa kitabu kilichoachia kurasa, basi lilipotoka Modogashe. Kitabu kilikuwa cha maktaba ya Garissa, na Mumina, mama aliyeketi kando yangu, alitaka kukirudisha kikiwa kizima. Tangu binti yake Faiza akisome, alisema, hataki kusikia lingine ila shule ya bweni.

“Kinamfungua mtoto akili, mama,” akasema Mwalimu Kerrow kutoka kiti cha nyuma.

“Msichana anaruka hadi nyota nyingine, anakaa miaka saba, akirudi maziwa aliyokama bado yana povu. Miaka yote hiyo ngamia alikamwa na nani, mwalimu?”

“Huko saa haziendi kama zetu.”

“Kwangu zinaenda.”

Mwalimu akakiri kwamba hakuwahi kukimaliza. Mumina alikuwa amesomewa na Faiza mara mbili. Mara ya pili, alieleza, ili ahakikishe ni uongo.

“Kinaishaje?” akauliza mwalimu.

“Mama yake hakujua kama aliondoka.” Akatazama dirishani. “Wallahi, mimi ningejua.”

Basi likasimama Garissa. Nikamwambia imebaki mishono miwili, asubiri akirudishe leo. Akakichukua sindano ikining'inia.

“Maktaba haihami,” akasema. “Leo usiku nisomewe tena ule mwisho. Tutamalizia kesho.”